Mwanamke Anayesubiri Mvua

Ambasamudram, 20 Oktoba 1986

Dada Kayal,

Salamu za hapa nyumbani. Sisi tunavuta siku, wewe na vitabu vyako huko Madurai mnaendeleaje? Kifua cha baba bado.

Dada, mvua imeanza. Chuoni, tulipokuwa bweni moja, wewe ndiye uliyetupelekea vikaratasi vyetu mimi na Thangadurai, na ulikuwepo aliponiapia kwamba mvua hizi zikinyesha atakuwa amerudi kutoka Singapuri. Miezi minne sasa sijapata hata mstari wake. Na jana Arunachalam, mwenye duka la dawa Tenkasi, kaja na wazazi wake kuniposa. Baba anataka anione nimeolewa kabla hajafa. Kalitamka hivyo hivyo. Nifanyeje? Wewe umesikia lolote?

Mdogo wako,
Sornam

Madurai, 29 Oktoba 1986

Mdogo wangu Sornam,

Pole na kuuguza. Mimi mzima, ila tasnifu yangu ya mashairi ya mapenzi inanimaliza.

Sijasikia lolote. Na hiyo si mvua, ni mawingu yaliyopotea njia. Katika mashairi yetu ya kale rafiki humwambia hivyo mwanamke anayesubiri. Watu wetu wameyaimba mapenzi miaka elfu mbili, na sijaona shairi hata moja la mke wa muuza dawa. Ukimkubali huyo, yote uliyokuwa nayo yatakuwa utoto tu.

Kataa. Kisha niandikie kila kitu: unalalaje, asumini bado unavaa nyweleni au umeacha. Usinifiche.

Dada yako,
Kayalvizhi

Ambasamudram, 12 Desemba 1986

Dada,

U mzima? Sisi hatujambo kwa kusema tu.

Nimekataa. Mama kasema mashairi yangu niyapike nile. Baba aligeukia ukutani. Asumini nimeacha, harufu yake inanitia kichefuchefu.

Mdogo wako,
Sornam

Madurai, 21 Machi 1987

Mdogo wangu,

Natumai umepoa kidogo. Telegramu ya msiba wa baba yako niliipata, ila sikuweza kuja, nilikuwa katikati ya sura ya tatu. Maneno yako ya asumini nimeyanukuu yote. Profesa wangu alifuta miwani.

Niambie bila haya: ukilia sasa, unamlilia baba yako au Thangadurai? Nitenganishie, sura ya nne inahitaji.

Dada yako,
Kayalvizhi

Madurai, 5 Oktoba 1987

Sornam kipenzi,

Hujambo? Mimi nimekonda, lakini nimemaliza. Barua zako nne za tangu Juni hazina mfano. Ile ya kulala umekumbatia shati la Thangadurai ndiyo inayofungua tasnifu. Nimethibitisha kwamba mwanamke wa mashairi yetu hajafa, yupo na anasubiri. Jina lako sikulitaja, kama ilivyo desturi ya mashairi ya mapenzi. Nakaa mbele ya watahini tarehe kumi na mbili Novemba. Niombee, nawe endelea kuvumilia.

Dada yako,
Kayalvizhi

Tenkasi, 22 Oktoba 1987

Kayalvizhi,

Mimi mzima, nakula na kulala vizuri.

Mwezi wa tano Thangadurai alikuja likizo na mkewe mjamzito. Akashangaa: "Kayal hakukwambia kwamba nimeoa? Nilimwandikia Agosti mwaka jana akwambie yeye, mimi sikuwa na uso wa kukwambia." Agosti. Nilipokuuliza Oktoba, barua ulikuwa nayo.

Tarehe nane Juni niliolewa na Arunachalam, aliyerudi kuniposa mara ya pili bila hata neno la masimango. Barua zako nne niliziandikia hapa dukani. Shati ni wazo lake. Nilimwambia imezidi, akasema, "Weka tu, wasomi wanayapenda haya." Tulicheka mpaka wateja wakauliza kuna nini.

Leo nimewatumia watahini wako kadi ya harusi yetu, yenye tarehe, pamoja na maelezo ya Thangadurai kuhusu barua ile ya Agosti, kwa mkono wake mwenyewe.

Kunidanganya juu ya mwanamume ningekusamehe, wanaume wapo. Lakini baba siku ya mwisho alinishika mkono akaniomba radhi, eti alikosea kuniharakisha, huenda yule kijana yuko njiani. Alikufa ananiomba msamaha, Kayal, na mimi nikamsamehe.

Sornam, mke wa Arunachalam