Radhi Aliyoomba Mzee Mwadini

Walthamstow, 22 Februari 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai presha imetulia na dawa zilifika. Mimi mzima, ila baridi imenikaa mifupani.

Darasani jioni tunasoma tamthilia za kale za Waingereza. Mtoto baba yake ameuliwa, basi anapanga kisasi mpaka mwisho jukwaa zima ni maiti, na yeye mwenyewe yumo. Mwalimu akauliza mtoto huyo angewezaje kuacha kisasi. Nikasema kwetu mtu akienda kuhiji hupita kwanza akiomba radhi. Walicheka.

Mzee Mwadini, Mpemba mwenzetu hapa mtaani, anakwenda Makka mwezi ujao. Jana aliniita chai, akanishika mkono: "Kama nimekukosea wewe au wazee wako, nisameheni." Nikajibu kama ilivyo ada, "Tumekusamehe sote." Alilia sana. Nikaona ni uzee tu.

Mwanao, Hayat

Wete, 10 Machi 1998

Mwanangu Hayat,

Salamu nyingi. Dawa nimezipata, na presha ilitulia mpaka ilipofika barua yako.

Mwadini ndiye aliyepeleka jina la baba yako serikalini mwaka sabini na moja, kisa ugomvi wa shamba la karafuu. Walikuja kumchukua alfajiri, wewe una siku arubaini. Hata maiti sikupewa. Nilikuficha jina la Mwadini usije ukakua na chuki. Leo umemsamehe kwa niaba yangu, na kikombe cha chai mkononi. Nani alikutuma? Mimi sijamsamehe. Kamwambie kabla hajapanda ndege. Usipokwenda, na wewe huna radhi yangu.

Mamako, Zainab

Walthamstow, 9 Aprili 1998

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali.

Nilikwenda. Mabegi yake yalikuwa mlangoni, teksi inangoja. Nikasema, "Mama hajakusamehe." Hakubisha. Alivua viatu, akamwambia binti yake Miska airudishe teksi. "Nitasimamaje kule na dhulma hii shingoni?" Tangu hapo hakutia kitu mdomoni. Siku ya Arafa, mahujaji wenzake wakisimama kule, Miska alimkuta amekufa kitandani.

Kwenye tamthilia mlipa kisasi hushika upanga, kila mtu akamwona. Mimi nilishika barua yako. Na alipovua viatu niliona raha, mama, sikufichi. Sasa sili, silali. Miska hupita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi, ananitazama tu.

Hayat

Wete, 3 Mei 1998

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikujua niandike nini. Miaka ishirini na saba nilidhani habari hii ikinifika nitapumua. Nimekaa nayo wiki mbili, na kaburi la baba yako bado silijui.

Radhi yangu unayo. Nenda kwa Miska, uniombee radhi kwake. Mwambie ni mimi niliyekutuma. Akikataa usimbembeleze. Mimi nisingekubali.

Mamako