Mshale Ambao Halima Hakuuachia

Mjukuu wangu Kioko,

Huku Shauri Moyo tu wazima, na mamako anakusalimu. Umeniuliza kama ujiunge na timu ya upinde shuleni, wewe mwepesi wa hasira.

Nilisoma na Halima wa Majengo, msichana wa kupigana kila wiki, mpaka mwalimu akampa upinde. Siku ya mashindano, akiwa ameuvuta mshale wa mwisho, mama mmoja aliyebeba mitumba akakatiza uwanja kwenda Gikomba, kama watu wafanyavyo mpaka leo. Sisi tukamzomea. Halima akashusha upinde polepole, akamngoja apite. Muda wake ukaisha, tukashindwa.

Sijaona mkono wenye nguvu kama ule ulioshuka. Jiunge, baba.

Nyanyako,
Mueni