Boti Uliyonituma Nikaigonge

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo, ila usingizi unanipiga chenga wiki hii. Shangazi naye hajambo. Kaniagiza nikwambie kwamba hana maradhi yoyote isipokuwa kuishi na mimi, na kwamba dada mtu bado anangoja kaka aje kumtazama.

Umeniuliza kwa simu mara tatu kama tukodi boti ya kukutembeza ziwani au tununue, nami mara tatu nimekujibu nusu nusu. Ndiyo maana leo naandika. Kwenye simu wewe hukimbilia kusema "sawa, mwanangu," nami nikishaisikia hiyo sawa hupata upenyo wa kutoroka.

Nilianza kulipima jambo hili kama tunavyopima mambo hapa ofisi ya ramani, karatasi mezani na penseli sikioni. Boti ya kukodi haina deni la moyo. Rangi ikibanduka si yako, injini ikikohoa unampigia mwenyewe, ukichoka unakabidhi ufunguo na kwenda zako. Boti yako mwenyewe inakula hata ikiwa imelala: nafasi ya kuifunga gatini, betri, pampu, kuipandisha nchi kavu kila mwaka ikwanguliwe uchafu wa chini. Shangazi aliisoma karatasi ile juu ya bega langu, akasema kumiliki boti ni sawa na kuolewa na mtu mwenye ndugu wengi. Hujui nani atabisha hodi wala anataka nini. Halafu akaongeza kwamba hata hivyo watu wanaolewa.

Kisha ukanituma kwa yule fundi cherehani mstaafu anayeuza boti yake. Sikuwahi kukusimulia vizuri siku ile. Ni mzee mwembamba, vidole vimejaa alama za sindano, na mapazia ya boti kashona mwenyewe, kila pindo limenyooka. Anaiuza kwa kuwa macho yake hayaoni tena ng'ambo ya ziwa. Alinionyesha vitanda viwili vyembamba, jiko la mafuta, meza inayokunjwa ukutani. Alinionyesha hata mlango wa kabati usiofunga, akasema afadhali kasoro nizisikie kwake kuliko kwa jirani. Nilipomwambia mnunuzi ni dereva wa treni alicheka sana, akauliza kama utamdai na reli.

Nilifanya ulivyoniagiza. Nilibeba nyundo ndogo, nikaizunguka boti yote ikiwa juu ya magogo, nikigonga na kusikiliza, kama ulivyonifundisha kugonga magurudumu ya behewa nilipokuwa nakuletea chakula kazini. Chuma kizima huimba, ulikuwa ukisema, chenye ufa hunung'unika. Na mbao nazo haziko mbali. Jioni nikakupigia. Nikakwambia kwamba upande wa kushoto, karibu na nyuma, ubao unatoa sauti nzito, kama boga lililooza.  Kisha ukasema basi, tukodi, na ukanishukuru kwa sikio langu zuri.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita, kama tulivyokubaliana, mimi na Shangazi tukakodi boti ya siku mbili tuijaribu kabla hujaja. Mama wa ofisi ya kukodisha boti, mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alitupa karatasi tutie sahihi. Kuondoka saa tatu asubuhi. Kisiwa cha kwanza saa sita. Gati la mafuta saa tisa, tukachukue mhuri. Tusivuke maboya ya njano. Siku ya pili, kurudi kabla ya saa kumi na moja, la sivyo watatutafuta.

Shangazi alishika usukani kana kwamba amezaliwa nao, na gati la kwanza alilibusu kwa pua ya boti mpaka mlinzi akaamka kitini. Tulicheka sana, Baba. Maji yalikuwa yametulia, nami nikajiambia nimeamua vyema kwa niaba yako. Mchana tukaona upande wa kulia ghuba ndogo, miti imeinama hadi majini na ndege weupe wamejaa matawini. Shangazi akataka kuingia. Nikamwonyesha boya la njano. Akazima injini, tukakaa tunaitazama ghuba kwa mbali, mpaka nikamkumbusha mhuri wa saa tisa. Hapo akanigeukia.

"Kaka yangu atakaa humu siku moja," alisema. "Ya pili atauliza kituo kinachofuata."

Niliitazama ile karatasi mapajani mwangu. Saa, mahali, sahihi. Ilikuwa na mistari ileile ya karatasi ulizokuwa ukiweka mezani kila usiku kabla ya zamu, chini ya bilauri ili zisipeperuke. Nikakumbuka nikiwa na miaka saba, umenipakia mbele kwenye injini ya treni siku moja tu, nikakuuliza nyuma ya kilima kile kuna nini. Ulinijibu, "Sijui, mwanangu. Reli haiendi huko." Miaka thelathini na minne umekipita kilima hicho.

Baba, ubao haukuoza.

Niliigonga boti ile kutoka mbele hadi nyuma, na pote ililia sauti moja, safi, hata fundi cherehani akaacha kuzungumza ili asikie. Nilikudanganya. Na nilichagua uongo ambao najua usingeuhoji, kwa sababu wewe unamwamini mtu aliyegonga kwa mkono wake kuliko karatasi yoyote.

Sababu nitakupa, ingawa haipendezi. Mwezi uliponituma kwa fundi, ulisema nyumba imekuwa kubwa mno tangu Mama atutoke, na kwamba mtu mmoja anahitaji kitanda, jiko na kikombe. Niliposhuka ndani ya boti ile niliviona vyote vitatu. Nikajiona nimekuja mwisho wa mwezi kama kawaida, nikakuta kufuli mlangoni. Boti ya kukodi ina siku ya kurudishwa, na ukiirudisha, unarudi na wewe. Nilitaka hiyo. Nikaiita busara, nikaitafutia hoja, na hoja hazikosekani kwa mtu aliyesoma.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi nikamweleza kwamba nimeisema vibaya boti yake. Alikuwa anaweka uzi kwenye sindano, akaendelea hadi ukaingia.

"Boti umeisingizia," akasema, "lakini aliyedanganywa ni baba yako. Mimi nimeshakusamehe. Huyo mzee mwenzangu mwandikie."

Kuna mwalimu mmoja anaitaka. Fundi amekubali kumzuia hadi tarehe ishirini, si siku moja zaidi. Njoo kabla ya hapo, na uigonge mwenyewe. Sikio langu usilitegemee tena mpaka utakapoona inafaa. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa njiani.

Swali lako sasa nalijibu lote: nunua. Hesabu inasema kodi, na hesabu haikukosea. Aliyekosea ni mimi niliyeificha hofu yangu nyuma yake. Nyumba niachie funguo. Nitakuja mwisho wa mwezi uwepo usiwepo, nitafungua madirisha, nitalala chumbani kwangu na kujizoeza. Na siku utakapong'oa nanga, tafadhali usiniambie utarudi lini. Najijua; nitaiandika kwenye kalenda, nami sitaki uwe na mtu anayekusubiri na saa mkononi.

Shangazi anakusalimu sana. Amesikia yote, amenisema jana kutwa, na leo asubuhi kaninunulia stempu. Anauliza kama kile kitanda cha pili kina mwenyewe. Wasalimie majirani zetu wa pande zote mbili. Goti lipake dawa kabla ya safari, na ukae upande wa dirisha.

Nisamehe, Baba.

Mimi binti yako,
nikupendaye kuliko nilivyoonyesha.