Karoti Zangu kwenye App Yao

Jumanne, 4 Machi

Hamsa mwanangu ametia mkono mzima kwenye rojo ya mchele, akampaka bibi yake shavuni, akacheka mpaka akakaa chini. Nimemfuta, nikambusu. Oda za jiko langu leo tatu tu! Mwezi uliopita nisingepata nafasi ya kuandika hata mstari.

Shobha wa jiko la ng'ambo ya barabara kaja na simu, anionyeshe. App mpya: chakula kwa dakika kumi. Kuna paddu, vitumbua vyetu vya chumvi — na karoti ndani. Karoti! Bengaluru hii nani mwingine anatia karoti? Mimi natia kwa sababu Hamsa hazili mpaka nizifiche. Na Januari Prashanth wa kampuni ya app kubwa tunayouzia alisimama hapa hapa jikoni akinipiga video, eti nitangazwe. Mwizi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Prashanth. Eti, "Dada, ile ni app nyingine kabisa, haigusi duka lako." Kampuni ile ile, jina lao liko humo!

Girish mume wangu anawaendeshea pikipiki, anawajua. Anasema wangepanga vyakula vyao kando ya vyetu kwenye app kubwa, wapishi wote tungeona na kupiga kelele. Na mteja akiona dakika kumi na dakika arobaini pamoja, nani atanisubiri mimi? Tena mpya ikifa, inakufa peke yake, ile kubwa haichafuki.

"Wamejenga ukuta, mke wangu, usimwone anayekula kwenye sufuria yako."

Haya. Wao wametenga app. Hasira yangu mimi sijaitenga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezunguka majiko yote ya mtaa, Hamsa kiunoni. Jumapili ni fainali ya kriketi, mji mzima utaagiza. Tumekubaliana: saa moja jioni wote tunazima app kubwa. Wafungue wakute patupu! Bi Yashoda anayepika dosa, zile chapati nyembamba za mchele, kasema, "Basi wale picha za chakula!" Tumecheka mpaka machozi. Mama mkwe ananuna, eti nitawaua kwa njaa nyumbani. Jioni moja tu, mama! Wakituogopa, wataondoa paddu yangu kule. Naamini kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Nimezima. Na oda zilikuwa zinamiminika kuliko siku yoyote.

Simu. Prashanth! Leo kanipigia yeye. Sauti laini kama samli. "Dada yangu, washa, usiku huu nakuweka juu kabisa."

Nikamuuliza, na wenzangu?

"Nakuweka juu wewe, dada."

Na karoti zangu?

"Washa kwanza, tutaongea." Nikamkatia. Raha niliyoisikia! Apige tena, nimkatie tena!

Mama mkwe anaita. Shobha yuko mlangoni, analia, haingii. Nasikia kengele ya oda kwenye simu yake, moja juu ya nyingine. Kumbe kawasha. Prashanth simsamehe hata nife. Lakini Shobha, na mumewe hana kazi tangu sikukuu ya Diwali — nakuja, mama, nakuja! — Shobha nikimfikia pale mlangoni nitamshika mkono, nimwingize ndani.