Mdoli wa Semina

Mdogo wangu Emeliana,

Vitunguu saumu tumeng'oa, na ng'ombe uliyetuachia kazaa jike.

Kwenye kipaimara ulinicheka mbele ya wakwe: "Dada mtu mzima, nesi wa zahanati miaka ishirini, kapelekwa semina kucheza na mdoli!"

Kweli, nimecheza. Mdoli ni mfano wa kichanga; asipolia unamkausha, unamsugua mgongo, unampulizia hewa kwa kifuko kabla dakika haijaisha. Mkufunzi alisema, "Asiyelia si lazima awe maiti. Shikeni kitovu, kikidunda, yuko hai."

Mwanao wa kwanza hakulia. Nilikuambia amezaliwa mfu, nikamfunika kitenge. Nilipokishika kitovu nikikate, kilikuwa kinadunda. Nilidhani ni mkono wangu unaotetemeka.

Sasa cheka.

Dada yako,
Basilisa