Aliyekaa Nyuma ya Bombom

Kiponda, Unguja
Machi 1968

Kwa dada yangu Wanu,

Shikamoo. Shemeji msalimie sana, na wanao nawapa marahaba yao mapema, wasije wakasahau kuniamkia. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kifua chako kimeshazoea baridi ya Lushoto. Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua, na wewe unayajua magoti yake: yanauma kwenye ngazi za nyumbani, lakini kwenye ngazi za nyumba yenye arusi hayana habari. Mie nipo pale pale, chumba cha juu sinema, nnazungusha mashine. Kila filamu naiona mara kumi, na hakuna hata mmoja anayenishukuru ila ikikatika.

Sasa nikupe habari ya Baba. Najua mama mmoja wa Tanga keshakufikishia nusu yake, na nusu hiyo ndiyo ya uongo.

Tangu Mfungo Mosi Baba aliacha kwenda barazani Sokomuhogo. Unajua nini maana yake. Mtu aliyekaa baraza ile tangu hatujazaliwa, leo anakunywa kahawa jikoni kwa mkewe! Mama alinambia pembeni kwamba mume akishinda jikoni hata chumvi inaona haya kuingia chunguni. Lakini hakucheka.

Sababu yake ni Mzee Usi, fundi saa. Miaka yote Baba amekuwa akisimulia kwamba alikwenda Bama na askari wa Keya, vita vya Mjapani, akawa na kikosi cha bombom, zile bunduki za kumimina risasi. Siku hiyo alipoanza tu, Mzee Usi akamkata kauli, akasema mbele ya watu: "Mcha, weye vita vyako ulipigana na sufuria. Waliorudi wote wanajua ulikuwa mpishi." Baraza nzima ikaangua kicheko. Baba akaweka kikombe chini, kahawa haijesha, akaondoka.

Wiki chache baadaye akaja Bi Mwamvua kutoka Makunduchi, mjane wa marehemu Mjaka aliyekuwa na Baba jeshini. Katika sanduku la mumewe alikuta picha ambayo ofisa mmoja wa Kizungu alimpelekea Mjaka baada ya vita. Akaona bora aione mwenzake aliyebaki hai. Kwenye picha pana bombom, na watu wawili. Mjaka amepiga goti ubavuni, ameushika mkanda wa risasi, na sura yake inaonekana wazi. Wa pili amekaa nyuma ya bombom yenyewe, mikono yote miwili juu ya vishikio, lakini kofia imemtia kivuli usoni. Baba aliitazama mpaka chai ya mgeni ikapoa, kisha akasema taratibu: huyu ni mimi.

Kesho yake akavaa kanzu ya Ijumaa, na siku yenyewe Jumanne, akaichukua picha barazani. Mzee Usi akabandika jichoni ile lenzi yake ya saa, akaichungua, kisha akauliza watu wote: Mcha amekosa kidole gani? Wakajibu, cha mwisho, mkono wa kushoto, alikikata akifua nazi Tumbatu kabla ya vita. Akasema basi njooni mtazame, maana huyu wa pichani amekosa kidole cha mkono wa kulia. "Jamani, mtu huhama mtaa. Kidole hakihami mkono." Jaku muuza kahawa alicheka mpaka akamwagia mtu kahawa ya moto kwenye kikoi, ndipo akapatikana mmoja asiyecheka.

Baba akarudi, akailaza picha kifudifudi juu ya kabati, akasema asiiguse mtu.

Nikaigusa.

Dada, unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka kwa kukusanya karatasi za njugu? Muuzaji wetu alikuwa akifungia njugu kurasa za magazeti ya vita, na mie nilikuwa nakula njugu kwa ajili ya karatasi. Humo ndimo nilimosoma. Bombom yenye kisanduku cha risasi kilichopinda juu yake kama ndizi, na miguu miwili mbele, hiyo ni Breni. Yenye duara mgongoni kama chuma cha kupikia chapati, hiyo Luwisi. Na hii ya Baba, yenye mtutu mnene kama bomba la maji, imekaa juu ya miguu mitatu, ni Vikasi. Nikaongezea elimu sinema, ambako nimeshapigana vita vingi kuliko jemadari yeyote, tena nimekaa kitini.

Vikasi mkanda wake wa risasi huingia upande wa kulia wa mpigaji. Ndivyo ilivyoundwa, hakuna tundu la kuutilia upande wa pili. Pichani mkanda unaingia kushoto! Nikasema kimoyomoyo, mtu anaweza kuzaliwa mashoto, bombom haiwezi.

Hapo nikakumbuka balaa langu la mwaka jana. Nilitia filamu ya Kihindi mashineni nje ndani. Sauti ikapotea, na bwana arusi akaonekana anakula biriani kwa mkono wa kushoto. Watu hawakushughulika na sauti. Walisimama wakapiga kelele kwamba huyu hana adabu, na maganda ya machungwa yakaenda kwenye pazia. Basi na picha ya Baba ndivyo ilivyosafishwa: aliyeichapa aliigeuza filamu, na kulia kote kukawa kushoto.

Nikaenda barazani na picha mkono mmoja, na kioo cha Baba cha kunyolea mkono wa pili. Nikawaeleza habari ya mkanda, kisha nikampa Mzee Usi aitazame picha ndani ya kioo. Mkanda ukaingia kulia, kidole kikarudi kushoto. Yeye ni fundi saa, anajua saa ikiwa kiooni huendaje. Akanirudishia kioo, akasema: "Huyu ni Mcha, wallahi. Kinywa changu kimenitia aibu." Akamtuma Jaku apeleke birika zima nyumbani kwetu.

Nilirudi kifua mbele. Baba aliniskiliza, akanisifu, kisha akaniambia nikae, na hili Dada ndilo lililonifanya nikuandikie. Akasema yeye hakuwahi kuipiga ile bombom. Daktari wa jeshi alimkatalia kwa ajili ya kidole. Kazi yake ilikuwa maji. Vikasi ikipiga sana, maji yaliyomo mtutuni huchemka yakaisha, na bila maji inakufa. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakishuka mtoni na madebe na kupanda nayo kilimani, Wajapani wakiwaona. Usiku mmoja walishuka watatu, akapanda peke yake, akashuka tena, mpaka kukapambazuka. Asubuhi yule ofisa alipokuja na kamera, mpigaji akainuka, akamkalisha mahali pake, akasema mwenye kupigwa picha ni huyu.

Nikamuuliza mbona hakusema miaka yote. Akanijibu kwamba hapa mjini mchukuzi wa maji inajulikana anavyotazamwa. Akisema bombom, watu wakidhani kupiga, akiwaacha.

Nikamwambia basi tuwaache. Akakataa. Ijumaa baada ya sala alikwenda mwenyewe, akawaeleza yote, na majina ya wale wawili wasiorudi akayataja. Mtu akawaombea rehema. Kisha Mzee Usi, hawezi kunyamaza yule, akasema: "Kumbe nilikaribia! Nilisema sufuria, kumbe debe." Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Baba. Tangu siku hiyo hajanywa kahawa jikoni, na mgeni akipita, Mzee Usi humwonyesha Baba: "Huyu Mcha. Bila debe lake, leo tungekuwa tunaamkiana Kijapani."

Mama anakusalimu, anauliza mtakuja lini. Mwandikie Baba, na juu ya bahasha usimkosee cheo: Mzee Mcha, wa maji ya bombom. Ameniagiza mwenyewe nikwambie.

Mungu akuweke.

Mdogo wako,
Gharib Mcha