Kikwembe ya Emérance

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 15 mwezi wa saba 2006

Tumerudi. Wote. Gari nzima, Fifi muzima, mimi muzima. Katsuva alikuwa ananingojea kwenye barabara, pale kwetu Shari, hata hakujifanya anafanya kitu ingine. Bwana yangu si mutu wa kuonyesha. Alimuchukua mutoto, akamunusa kichwa, akauliza kama tumekula.

Woga ilinishika tangu asubui. Kwenda Fataki kwa kampeni – na Maman Pétronille! Watu wa kule wanajua anatoka upande ingine. Wakati wa vita hakuna mutu kama yeye angepita ile barabara. Lakini yeye ni mwalimu wangu. Ndiye alinifundisha kusoma kwenye parokia, mimi na tumbo kubwa, nikisinzia juu ya kitabu. Alikuwa directrice, mukubwa wa shule, na yake ilikuwa wazi wakati wanaume walifunga za kwao. Sasa anataka watu wamuvote, wamupigie kura, awe député, mutu wa bunge. Akisema njoo uimbe, siwezi kusema sina sauti.

Tuliimba. Wamama wa Fataki walitutazama tu, mikono kwenye kifua. Fifi akaanza kulia mugongoni kwangu. Maman akamuchukua, akapanda naye juu ya banki ya kukalia, akasema: "Wamama wenzangu –" Na mutoto wangu akamukojolea. Yote. Kutoka kifua mpaka magoti. Sura ya Maman yenyewe, ile iko kwenye kitenge, kikwembe ya kampeni alivaa, ikaloa.

Nilitaka kupotea. Halafu mama mumoja pale nyuma akasema, pole pole: "Huyu amesha kuvota."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Maman naye alicheka. Yule mama – anaitwa Emérance – akaja mbele, akafungua kikwembe yake ya juu, akamufunga Maman kiuno mbele ya watu wote. Akasema hawezi kusikiliza mutu amelowana. Ile yenye mikojo akaichukua. "Hii nitafua mimi. Yangu utanirudishia weye, na mukono yako. Usitume mutu."

"Nitakuja," Maman akasema.

"Wote wanasema hivyo."

Hapo nikajitia katikati. Mimi, ambaye hakuna mutu aliniuliza. "Mama, atakuja. Ni mutoto wangu alikojoa, ni mimi nitajibu."

Emérance akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Akasema: "Sawa. Nitakuuliza weye."

Maman aliongea ndani ya kikwembe ya Emérance. Juu ya wanawake wanaozalia kwenye barabara sababu hakuna nyumba ya uzazi. Hakuna mutu aliondoka.

Siku ya kwanza, tarehe 17 mwezi wa saba

Nimefua kikwembe. Ndege za bluu juu ya rangi ya mahindi. Imepauka kwenye mikunjo, na pembeni mutu alishona na uzi mweusi, kwa haraka. Maman ameniachia niitunze, nyumba yake imejaa watu wa kampeni.

Katsuva aliiangalia kwenye kamba. Anasema: siye tulitoka Butembo kuuza sabuni na chumvi, sasa tunalinda nguo ya mutu wa Fataki. Lakini ilipokauka ni yeye aliiweka juu ya kabati, mbali na panya.

Siku ya Mungu, tarehe 30 mwezi wa saba

Nimevota. Karatasi kubwa kama kitambaa ya meza, nilishindwa kuikunja. Wanaume, wanaume, wanaume – halafu Maman kwenye picha kidogo, hacheki. Nikaweka alama yangu, nikaangalia tena kama ni yeye.

Hakuna bunduki ililia. Siku nzima. Fifi anataka kunyonya kidole yangu yenye wino.

Siku ya ine, tarehe 7 mwezi wa tisa

Amepita! Katsuva aliniita kutoka ndani, mara tatu, mimi niko nje na sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Radio imetaja jina yake yote, na ya baba yake. Mwanamuke wa kwanza kwa upande yetu kwenda kukaa kule Kinshasa mahali wanatunga sheria. Nililia juu ya sombe. Katsuva anasema haina chumvi. Nikamuambia iko nayo, ya machozi. Alikula yote.

Siku ya pili, tarehe 12 mwezi wa tisa

Athanase alikuja, katibu wa chama, na viatu vyake vya kungaa. Anasema Mheshimiwa – sasa ni Mheshimiwa – anapanda ndege ya Kinshasa siku ya kwanza, jumatatu, wakubwa wanamungoja. Kwa hiyo nimupe ile kikwembe, Zacharie dereva ataipeleka Fataki, pamoja na zingine kumi na mbili za mupya za chama. Yule mama atafurahi.

Hatafurahi. Kwetu siye wanawake, mutu akikufunika mbele ya watu, unarudisha nguo mwenyewe, na kitu ndani yake. Ukituma dereva, umemuambia: weye si kitu. Hata utume mia moja.

Sikujua namna ya kumuambia hiyo. Nikasema haijakauka.

Athanase akaangalia jua. Akaniangalia mimi. "Tangu mwezi wa saba?"

"Ni nzito, papa."

Akaondoka, anasema atarudi kesho. Katsuva alikuwa nyuma ya mulango, anajifunika kinywa. Lakini baadaye aliniuliza: na kama Maman mwenyewe ndiye alimutuma? Nilikuwa nafikiri hiyo hiyo.

Siku ya tatu, tarehe 13

Athanase amerudi. Nikasema mutoto ameitapikia, nimeifua tena. Mungu anisamehe. Fifi alikuwa anacheka pale pale.

Sokoni, mama mumoja anayeleta viazi kutoka Fataki aliniuliza: weye ndiye mama ya mutoto wa mikojo? Emérance anakusalimia.

Siku ya tano, tarehe 15

Maman alikuja mwenyewe. Kwa miguu, bila Athanase, kitambaa kwenye kichwa kama zamani kwenye parokia. Akakaa kwenye kiti yetu moja, akamuchukua Fifi, akamushika mbali na magoti yake. "Safari hii nimejua."

Halafu akasema: "Musoki, nasikia kuna nguo kwako haikauki."

Nilipiga magoti nimuombe radhi. Alinikamata mukono. Anasema Athanase alimuelezea kila kitu, na hasira nyingi, na yeye alicheka mpaka akashindwa kula. Halafu akaona haya, juu ya kazi nyingi karibu asahau. Karibu. Hiyo neno aliirudilia.

"Kesho asubui," akasema. "Weka sabuni ndani."

Katsuva alikata kipande kubwa ya sabuni, ile nzuri, akaongeza chumvi. Hakuulizwa. Nitalala kama mutu alitua muzigo.

Siku ya posho, tarehe 16

Naandika ndani ya gari. Tuko kwenye bariyeri ya askari, karibu kabisa na Fataki. Kamba iko juu ya barabara. Askari anasema asubui milio ya bunduki ilisikika kwenye milima, gari haipiti mpaka mukubwa wake aseme. Mukubwa hajulikani iko wapi. Zacharie anataka kugeuza. Anasema ndege ya siku ya kwanza haitangoja mutu.

Maman anaangalia mbele. Mimi pia naangalia.

Upande ingine ya kamba kuna wamama, labda yule wa viazi aliwaambia. Mumoja amesimama mbele yao, Emérance. Kwenye kichwa iko na ile kikwembe ya kampeni imekunjwa vizuri – manjano, na pembe ya sura ya Maman inaonekana. Imefuliwa. Imepigwa pasi hata.

Hasogei. Anangoja kuona.

Maman amefungua mulango. Amemuuliza askari: hii kamba ni ya magari, ao ni ya miguu pia? Askari anakuna shingo. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Zacharie amezima moteri ya gari.

Maman ameweka kikwembe ya ndege chini ya kwapa, na sabuni yake, na chumvi yake. Sasa ananyoosha mukono kwangu. Si kalamu anataka.

"Niletee Fifi," anasema. "Yule mama atataka kuona mutu wa kwanza alivota."

Ninamufungua mutoto mugongoni, naweka kalamu, tunaenda kwa miguu –